Dole Gumba la Mzee Zahoro

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Afadhali! Shahidi hakuja. Afisa wa kampuni ya simu ana udhuru, kesi imesogezwa hadi Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14. Nusura niruke pale pale mbele ya Mheshimiwa hakimu. Sikuwa nimejiandaa hata nusu. Ningemuuliza nini yule shahidi? Habari za nyumbani?

Halafu nikamwona Mzee Zahoro anarudishwa kwenye karandinga. Mimi nimepumua, yeye kaongezewa siku kumi za kulala ubavu mahabusu. Miezi minane sasa! Niliona aibu, nikajifanya napanga makaratasi. Mkewe, Bi Mwanahalima, alikuwa amekuja kutoka Kibuta na kanzu safi kwenye mfuko, kama kawaida yake. Anasema ikitokea mume kaachiwa, hatakubali arudi kijijini na nguo zinazonuka mahabusu. Kanzu imerudi Kibuta. Mara ya kumi na moja, ameniambia. Wala hakulalamika, alitaja tu.

Niandike kesi yenyewe hapa, kichwa kimejaa, labda nikiitua itakaa sawa. Desemba iliyopita kirikuu, kigari cha mizigo, cha kijana anaitwa Silvanus kilikamatwa Zegereni, kwenye viwanda vya hapa Kibaha. Juu mihogo, chini magunia ya bangi, kilo arobaini na sita. Silvanus akasema yeye dereva tu, bosi hamjui hata sura, maelekezo anapewa kwa ile app ya meseji za siri. Meseji zenyewe zimefungwa — kampuni ya simu haiwezi kuzisoma, polisi hawawezi, zinasomeka kwa anayetuma na anayepokea basi. Tena baada ya siku moja zinajifuta! Sajenti wa polisi akaziwahi kwa kuzipiga picha na simu yake mwenyewe. Picha kumi na tisa. Pakia alfajiri. Pita njia ya nyuma. Subiri geti la tatu. Na akaunti iliyokuwa inatuma ilifunguliwa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la Zahoro Latifu, mkulima, Kibuta, Kisarawe. Kitambulisho chake, alama ya kidole chake.

Ndiyo kesi yote hiyo. Namba na kidole. Simu aliyokutwa nayo Mzee ni kitochi, haiingii app yoyote. Wanasema alikuwa na nyingine, kaitupa. Akitiwa hatiani ni miaka thelathini. Ana hamsini na nane! Atakufa humo.

Zile picha nilizipinga mwezi wa sita. Mheshimiwa akazipokea, akasema uzito wake utapimwa mbele ya safari. Nilitoka pale nimevimba.

Jumanne, 5 Agosti

Athanas kanikuta kwa mama vitumbua. Yeye ndiye wakili wa serikali kwenye kesi hii, tulisoma darasa moja chuoni na bado ananiita Paska mbele za watu. Akasema mshauri mzee wako akiri, tuongee adhabu, tumalize. Nikamwambia asinichanganyie chai na kesi.

Lakini kwa nini nilikasirika vile? Kwa sababu mwezi wa tano mimi mwenyewe nilimwambia Mzee maneno hayo hayo. Nilikaa mbele yake na faili langu nikamwambia, ukikiri inaweza kusaidia. Akaniangalia. Akasema, mwanangu, nikiri nini? Na mimi nikamjibu kwa ile sauti ya kikazi, nitakuachia ufikirie. Yaani sikuwa nimemwamini. Sijawahi kumwambia mtu hili. Kidole hakidanganyi, ndivyo nilivyokuwa najisemea. Wakili gani mimi!

Jumatano, 6 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu! Niandike polepole.

Nimekwenda mahabusu asubuhi kumpelekea Mzee hati ya kiapo, ile ya kuomba masharti ya dhamana yapunguzwe. Kusoma anajua, kuandika anajua, ila mkono unamtetemeka tangu aingie ndani, kwa hiyo anaweka dole gumba. Nikamfungulia kidau cha wino. Akaweka. Doa tupu, hakuna mistari. Nikamwambia weka tena Mzee. Akaweka. Doa. Weka tena. Mara ya tatu ndiyo vikatokea vistari viwili vitatu.

Nikamwuliza, samahani Mzee, hivi vidole vimeenda wapi? Akacheka! Miezi minane sijamsikia akicheka. Akasema ni mafuta ya korosho hayo mwanangu, tunabangua kwa mkono, yanababua ngozi, kila msimu inatoka mpya. Halafu akasema — kama anayepiga soga tu — hata yule kijana wa laini alinihangaisha hivi hivi. Weka tena, haijasoma, weka tena.

Nikaacha kufunga wino. Kijana gani wa laini?

Yule wa kwenye mwavuli wa kampuni ya simu, akasema, Kisarawe stendi. Ule mwaka walipotutisha kwamba asiyesajili kwa kidole laini itazimwa. Foleni jua kali, mwezi wa kwanza, vidole vimetoka kubangua. Nikamwuliza aliweka mara ngapi. Akafikiria, akahesabu kwa kugonga meza. Nne. Ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, ya tatu yule kijana akasema tayari, simu yake ikalia, akaipokea, akaongea kidogo, halafu akasema, samahani baba, haijakaa vizuri, weka mara ya mwisho. Akaweka. Akapewa laini yake moja akaenda zake.

Moja mkononi mwake! Na ile ya nne ilisajili nini?

Nilimweleza. Wapo mawakala waliokuwa wanafanya hivyo, kidole cha ziada kinasajili laini ya pili kwa jina lako, wewe unaenda nyumbani, laini inauzwa kwa asiyetaka kujulikana. Mzee akalitazama dole gumba lake, jeusi la wino, akaligeuza huku na huku. Akasema, kwa hiyo ni mimi mwenyewe niliyempa. Nikamwambia hapana, uliibiwa. Akasema, lakini niliweka.

Nilimwomba radhi kwa yale ya mwezi wa tano. Nilisema wazi: sikukuamini Mzee, nisamehe. Akasema hata yeye angekuwa mimi asingeamini. Nimelia kwenye bodaboda mpaka Maili Moja, dereva anajifanya haoni. Lakini ni kilio cha kushukuru. Nina swali la kumwuliza shahidi sasa!

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Sikukuu, mahakama imefungwa, nimeenda Kibuta. Kupitia Kiluvya hadi Kisarawe, kisha pikipiki. Pale stendi Kisarawe nikauliza habari za kijana wa mwavuli. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga akacheka. Walikuwa vijana sita mwaka ule, akasema, na miavuli yao, unamtaka yupi? Wote walishahama. Haya.

Bi Mwanahalima nilimkuta shambani amejifunga kanga usoni, anapuliza salfa kwenye mikorosho na bomba la kuazima. Kazi ya mumewe hiyo. Mikorosho imeanza kuchanua na asipopuliza sasa Oktoba hakuna kitu. Nyusi zote njano! Tumecheka sana. Akaniambia karibu mwanangu, usinishike mkono, utaondoka na dawa.

Nikamwuliza kuhusu siku ya kusajili. Walikwenda wote wawili. Kidole cha Bi Mwanahalima kilisoma mara moja kwa sababu msimu ule aliumwa, hakubangua. Alikuwa amekaa kwenye kivuli akimsubiri mume, akaudhika, akasema mbona huyu anachezewa? Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa, na — kijikadi kile cha plastiki kinachokuja na laini! Ameweka miaka yote! Namba iliyo juu yake ni ile ya kitochi. Sio ya kwenye mashtaka. Akasema Mzee alipewa hiki kimoja tu, hakuna kingine, yeye mwenyewe ndiye aliyekipokea kwa sababu Mzee hupoteza vitu.

Nimerudi na kijikadi kwenye pochi, kila dakika nakigusa kama bado kipo.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya kwanza, kisha safari ya kijijini Janga, kwa Mama. Nilikwenda na wasiwasi wangu. Kijikadi kinaonyesha alipewa laini moja, hakionyeshi kwamba ya pili ilisajiliwa siku hiyo hiyo. Labda ilisajiliwa mwaka mwingine, mahali pengine. Hapo nimekwisha. Swali usilojua jibu lake usilimwage mbele ya hakimu, ndivyo tulivyofundishwa.

Mama ananipikia kisamvu, mimi namsimulia bila kutaja jina. Akasema mbona hata mimi walinirudisha mara tatu pale Mlandizi! Vidole vya jembe hivi, akaninyooshea. Nikachukua simu yake, nikapiga ile namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikaja mbili. Moja yake. Ya pili hatuijui!

Mama akaacha mwiko chunguni. Nani huyo anatembea na jina langu? Akataka tumpigie hapo hapo amtukane. Nikamzuia, akanuna mpaka tunamaliza kula. Kesho anakwenda kuifuta, na Paroko atamsindikiza, amesema, ili wasimletee utani.

Maskini Mama. Lakini jamani, nilivyopata nguvu! Mzee wa Kibuta hakuniongopea hata neno moja.

Jumanne, 12 Agosti

Maombi mawili leo. La dhamana limekataliwa — shamba la Mzee lina barua ya serikali ya kijiji, halina hati, na Mheshimiwa hataki barua. Bi Mwanahalima alikunja mfuko wa kanzu ukawa mdogo.

La pili: niliomba kampuni ya simu ilete rekodi nzima za kitambulisho cha Mzee, sio ile karatasi moja ya upande wa mashtaka. Athanas akapinga nusu saa nzima. Eti napoteza muda wa mahakama, natafuta nisichokijua, shahidi ameshaandaa nyaraka zake. Mheshimiwa akamwuliza, Wakili, ukweli ukiwa kwenye karatasi ya pili, wewe unapata hasara gani? Athanas akakaa. Limekubaliwa!

Nimekula chipsi mayai mbili. Rukaya, katibu wangu, kaniuliza kama nina mimba.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika maswali ya kesho kwenye karatasi tatu. Nimezichana, nimeandika upya kwenye moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nimevua viatu, mlango nimefunga, Rukaya anamwambia kila mtu nina mkutano.

Afisa wa kampuni ni dada mdogo, suti ya bluu, sauti ndogo. Athanas kamwongoza vizuri: namba hii ni ya nani? Zahoro Latifu. Alithibitishwaje? Kwa kidole. Mfumo unaweza kukosea kidole? Hapana. Akakaa kwa kuridhika, kaniangalia kama aliyeshiba.

Nikasimama. Nikanyoosha joho.

Kitambulisho hiki kina laini ngapi kwenye kampuni yenu? Akafungua lile rundo jipya. Mbili. Zilisajiliwa lini? Zote tarehe 18 Januari 2020. Saa ngapi? Ya kwanza saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi. Ya pili saa nne na dakika arobaini na tano.

Wakala?

Huyo huyo mmoja.

Nikamwomba atusomee mfumo ulivyoandika majaribio ya kidole. Akapitisha kalamu kwenye mistari. Limegoma. Limegoma. Limekubali. Halafu, baada ya dakika nne, limekubali. Mara ngapi kwa jumla? Nne.

Nne! Nilimgeukia Mzee kizimbani. Anagonga ukingo wa mbao kwa kidole, taratibu, moja mbili tatu nne, kama siku ile mezani.

Nikaendelea. Namba ya kwanza kwenye orodha nikaomba ailinganishe na kijikadi cha Bi Mwanahalima. Ni yenyewe. Hiyo ya pili, ya kwenye mashtaka, tangu siku ya kusajiliwa imewahi kushika mnara wowote wa Kisarawe? Hapana, iliwashwa Kibaha baada ya wiki mbili, na imeonekana Zegereni na jirani zake tu. Siku ya zile meseji za kwenye picha kumi na tisa, namba ya kitochi ilikuwa wapi? Kibuta, kutwa nzima. Ilipiga simu? Moja. Kwa nani? Akasoma jina la mwenye namba: Mwanahalima. Nyuma kwenye mabenchi nikasikia mtu anasema, aliniuliza kama nimekula. Askari akamwambia mama, kimya.

Nikamaliza na hili: wewe au mtu yeyote kwenye kampuni yenu aliwahi kuzisoma meseji hizo? Hapana, zimefungwa. Mnajua aliyezituma ni nani? Tunajua namba tu. Ahsante, sina swali jingine.

Athanas akainuka kuzibaziba. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili? Anaweza. Anaweza kumkabidhi mwenzake moja iliyosajiliwa kwa jina lake? Anaweza. Anaweza kuwa na simu mbili, moja nyumbani na nyingine kwa mwenzake Zegereni? Dada akasita, akasema, inawezekana.

Inawezekana! Neno dogo na miaka thelathini ndani yake.

Huyo ndiye alikuwa shahidi wao wa mwisho, wamefunga ushahidi. Mheshimiwa atatoa uamuzi mdogo tarehe 28: kama Mzee ana kesi ya kujibu au hana. Kabla hajapandishwa karandinga Mzee aliniambia, mwanangu, umesikia? Mara nne. Kama vile ndiyo yote aliyotaka, mtu mwingine aseme mara nne. Nimechoka na nina furaha, vyote pamoja.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka nimeota neno inawezekana.

Alhamisi, 21 Agosti

Bi Mwanahalima kapiga. Mikorosho ya upande wa bondeni imechanua vizuri, amemaliza raundi ya pili ya salfa. Kisha akauliza, tarehe 28 nije na kanzu? Nilitaka kumwambia asijipe moyo sana. Nikasikia mdomo wangu unasema njoo nayo, na kofia pia.

Sasa kwa nini nimesema kofia! Nikishindwa nitamtazamaje?

Jumatano, 27 Agosti

Athanas kanipita kwenye ngazi, hakuniita Paska. Aliniita wakili msomi. Sijui ni dalili ya nini. Mama kapiga mara tatu, ile laini yake ya wizi imeshafutwa, sasa anapekua simu za wanajumuiya wenzake wote baada ya sala. Wamepata nyingine tano! Paroko ameomba wapumzike kidogo, jumuiya isigeuke kituo cha upelelezi.

Nimepiga pasi joho.

Alhamisi, 28 Agosti

Saa tatu kasoro. Niko kwenye benchi la ukumbini. Bi Mwanahalima yupo, mfuko magotini. Ananipa karanga, sili. Anakula yeye.

Saa tano na robo. HANA KESI YA KUJIBU. Alhamdulillahi, kama anavyosema Bi Mwanahalima, na Mungu wangu asifiwe, kama ninavyosema mimi. Mwandiko gani huu!

Mheshimiwa kasoma dakika thelathini na tano bila kuinua macho, na mpaka ya thelathini sikujua anaelekea wapi! Akasema meseji za namna hii zinathibitisha simu mbili zimeongea, na moja ya simu hizo mahakama haijawahi kuiona. Akasema kidole cha mshtakiwa kilikuwa kwenye mashine ya wakala mwaka 2020, hilo limethibitika, na zaidi ya hapo upande wa mashtaka umemwomba abahatishe. Hatabahatisha. Mshtakiwa anaachiwa huru. Mzee hakuelewa. Akabaki amesimama kizimbani. Askari ndiye aliyemwambia, shuka baba, imeisha.

Nilikuwa na hofu moja nisiyomwambia mtu. Nimeshaona mtu anaachiwa huru ndani na kukamatwa tena mlangoni, makosa mapya, karandinga ile ile. Nikamshika Mzee mkono tukatoka naye nikiangalia kushoto kulia. Askari wawili pale nje. Athanas akawapita, akaja moja kwa moja. Akampa Mzee mkono, akasema shikamoo baba, nenda nyumbani. Marahaba, Mzee akajibu. Wale askari wakaendelea na stori zao za mpira. Jamani, nilivyopumua! Nikamwambia Athanas vitumbua vya kesho juu yangu. Akasema, na chai, Paska.

Mzee amevaa kanzu chooni mwa mahakama. Imekaa na mikunjo ya mfuko, mistari minne kifuani, na inampwaya, amekonda. Bi Mwanahalima anamzunguka akiinyoosha kwa viganja. Hamwangalii usoni, ananyoosha tu kanzu.

Saa sita na nusu. Bado tupo!

Limebaki jambo moja, kuchukua kitochi na kitambulisho chake vilivyokuwa vielelezo. Karani kaleta bahasha, kafungua kitabu kikubwa, kafungua kidau cha wino. Weka dole gumba hapa baba, kuonyesha umepokea mwenyewe. Mzee akaweka. Karani akainama, akaangalia, akasema, haijatoka. Weka tena.

Mzee akaurudisha mkono.

Karani hajui chochote, maskini, ni mtu wa kazi yake tu. Akarudia, weka tena baba, mara moja tu. Mzee akasema, nimeshaweka. Karani akasema bila alama inayoonekana hatoi kitu. Mzee akasema kwa upole kabisa, basi kaa navyo.

Nikajaribu kuweka sahihi mimi. Haikubaliki, lazima mwenye mali. Nikamwambia Mzee, hiki ni kitabu cha kupokelea tu, angalia. Akaniambia, nisomee mwanangu. Nikamsomea mstari wote: namba ya kesi, simu moja ya vitufe rangi nyeusi, kitambulisho kimoja, jina lake, tarehe. Akasema, na ule wa chini yake? Wa chini ni mtupu, nikamwambia, ni wa mtu mwingine atakayekuja. Akauangalia ule mstari mtupu. Akasema, upigwe kalamu kwanza, usibaki wazi.

Karani anasema kitabu cha serikali hakipigwi kalamu ovyo, ameenda kumwita mkuu wake. Basi la Kisarawe litawaacha. Bi Mwanahalima amekaa, amefungua karanga zilizobaki, anatugawia, anasema mwacheni, leo tuna muda. Na mimi nimeacha. Mzee amesimama wima mbele ya meza, kofia kichwani, mkono wa kulia ameutia ndani ya mfuko wa kanzu. Namsikia mkuu anakuja, viatu vyake vinapiga sakafu. Mkono haujatoka.